Jinsi ya Kuandaa Utabiri wa Jua na Sumaku ya Dunia Kila Asubuhi

Utabiri wa siku moja wa hali ya jua na sumaku ya dunia huandaliwa kwa dakika arobaini hivi. Unahitaji intaneti, daftari na kikokotoo. Takwimu zenyewe hutolewa bure kwa umma. Kinachowaangusha wengi ni kuchanganya vitu vitatu vinavyotoka juani kwa mwendo tofauti. Eksirei za mwako wa jua hufika duniani kwa dakika nane na sekunde 20 hivi, kwa hiyo ukiuona mwako kwenye grafu, umeshafika. Protoni za kasi hufuata baada ya makumi ya dakika au saa kadhaa. Wingu la plazma linalorushwa kutoka kwenye korona, yaani tabaka la nje la jua, huchukua siku moja hadi nne. Mwako hutabiriwa kwa asilimia ya uwezekano tu, kabla haujatokea. Wingu hutabiriwa kwa saa ya kuwasili, baada ya kuonekana likiondoka. Anayesema "jua limelipuka leo, basi redio zitakatika kesho" amechukua tukio moja akalipatia saa ya lingine.

Mwongozo huu unamlenga mtu wa Afrika Mashariki: mwendeshaji wa redio ya upepo, mpima ardhi anayetegemea GPS, mrusha droni, mwanafunzi wa fizikia. Taarifa nyingi za dunia huandikwa kwa kuwafikiria wakazi wa karibu na ncha, wanaosubiri kuona mianga ya angani usiku. Sisi tuko karibu na ikweta ya sumaku, na huku madhara ni mengine.

Hatua ya 1: Linganisha saa

Kila takwimu utakayosoma iko kwenye saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda kuna njia ya mkato: toa tatu kwenye saa ya UTC, utapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. UTC 09:00 ni saa sita mchana. UTC 17:00 ni saa kumi na nne, toa kumi na mbili, saa mbili usiku. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo watoe nne.

Siku ya utabiri huanza UTC 00:00, yaani saa tisa usiku kwetu, wala si saa sita usiku. Kituo cha utabiri wa hali ya anga za juu cha NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, kilichoko Boulder, Colorado, hutoa utabiri wa siku tatu mara mbili kwa siku, UTC 00:30 na 12:30. Kwa saa zetu zote mbili ni saa tisa na nusu, ya usiku na ya alasiri. Ukifanya kazi saa mbili asubuhi utakuwa na taarifa ya usiku huo pamoja na kipindi cha kwanza kilichokamilika cha Kp, yaani kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia. Usiifungue taarifa yao sasa hivi. Andika yako kwanza, kisha ulinganishe. Ukianza na yao, macho yako yataona walichokiona wao tu.

Hatua ya 2: Angalia uso wa jua

Fungua picha za setilaiti ya SDO. Picha ya mwanga wa kawaida huonyesha madoa ya jua. Ramani ya sumaku huonyesha nyeupe na nyeusi, yaani ncha mbili za sumaku. Kabla ya yote soma tarehe na saa iliyoandikwa pembeni ya picha. Picha iliyoganda tangu jana haitoi onyo lolote, na huo ndio mtego wa kila siku.

Kwa kila kundi la madoa andika mambo matatu. La kwanza ni namba yake. NOAA hutumia tarakimu tano lakini mara nyingi huandika nne za mwisho, kwa hiyo 13664 na 3664 ni kundi lilelile. La pili ni mahali lilipo: ukingo wa mashariki uko kushoto, wa magharibi kulia, na jua likizunguka kundi husogea digrii 13 hivi kwa siku kwenda kulia. La tatu ni aina ya sumaku yake. Alfa ni ncha moja, beta ni ncha mbili zilizotengana vizuri, gama ni ncha zilizochanganyika. Delta ndiyo ya kuogopwa: ncha mbili zinazopingana ziko ndani ya kivuli kimoja cha doa. Kundi la beta-gama-delta linaloendelea kukua halipaswi kupewa utabiri wa utulivu, hata kama jana lilinyamaza kutwa nzima.

Andika pia kipimo cha F10.7, nguvu ya mawimbi ya redio ya jua kwenye urefu wa sentimita 10.7, kinachopimwa Penticton, Kanada. Hupimwa mara tatu kwa siku, na cha UTC 20:00 ndicho rasmi. Jua likiwa limelala huwa karibu na 65 hadi 70. Likichangamka hupita 200. Mwako ukitokea wakati wa kupima, namba huruka juu bila jua lenyewe kubadilika, kwa hiyo ikipanda ghafla ilinganishe na vipimo viwili vingine vya siku hiyo. Tena kuna F10.7 iliyopimwa na iliyorekebishwa kwa umbali wa dunia na jua. Kwa mambo ya redio tumia iliyopimwa, kwa sababu ndiyo nguvu inayolifikia anga letu.

Hatua ya 3: Toa asilimia za miako

Setilaiti za GOES hupima eksirei na kuzigawa kwa herufi A, B, C, M na X, kila herufi mara kumi ya iliyotangulia. M1 ndiyo mwanzo wa kukatika kwa redio kunakohesabika, daraja la R1. M5 ni R2, X1 ni R3, X10 ni R4, X20 ni R5.

Kwa kila kundi hesabu miako ya M iliyotoa kwa siku mbili au tatu zilizopita, upate wastani wa siku. Wastani wa 0.2 kwa siku hukupa uwezekano wa asilimia 18 wa angalau mwako mmoja, 0.5 hutoa 39. Mmoja kwa siku hutoa 63. Miwili hutoa 86. Namba hizi zinatokana na hesabu ya matukio yanayojitokea bila mpangilio: moja toa e (2.718) iliyopewa kipeo hasi cha wastani. Halafu tumia macho. Kundi likikua ongeza, likisambaratika punguza.

Makundi yakiwa kadhaa, usijumlishe asilimia. Tuseme yako matatu yenye 30, 20 na 10. Zidisha uwezekano wa kutotokea: 0.7 × 0.8 × 0.9 = 0.504. Toa kwenye moja, utapata asilimia 50 hivi, wala si 60. Siku ya makundi mengi, kujumlisha kunaweza kukupitisha 100, na hapo utajua umekosea. Siku nyingine kosa hupita kimyakimya.

Kwenye majira ya ikwinoksi, Machi na Septemba, GOES hupita kwenye kivuli cha dunia kila siku kwa muda usiozidi dakika 72. Grafu ya eksirei huanguka kisha ikarudi. Usiandike kwamba jua limetulia. Angalia setilaiti ya pili.

Hatua ya 4: Tafuta kilichoondoka juani

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, maana dhoruba zote za sumaku huanzia kwenye vyanzo viwili tu: mawingu ya plazma na matundu ya korona.

Mawingu huonekana kwenye kamera za LASCO za chombo cha angani cha SOHO, na sasa pia kwenye kamera ya korona iliyo ndani ya GOES-19. Kamera huziba jua kwa kisahani ili korona ionekane. Wingu linaloenda upande mmoja tu kwa kawaida halitufikii. Linalotanuka kuzunguka kisahani chote, kama pete, ama linakuja kwetu ama linaenda upande wa pili, na kwa picha hiyo peke yake huwezi kutofautisha. Rudi kwenye video ya SDO ya saa hizohizo. Ukiona mwako, uzi wa plazma ukinyanyuka, au sehemu ya korona ikififia ghafla, chanzo kiko upande wetu. Usipoona chochote, chanzo kiko nyuma ya jua.

Kasi unaipima mwenyewe. Chukua picha mbili za LASCO C3 na usome umbali wa ukingo wa mbele wa wingu kwa nusukipenyo za jua, kila moja kilomita 696,000. Tuseme umetoka 5 hadi 20 kwa saa tatu. Hizo ni nusukipenyo 15, sawa na kilomita 10,440,000, gawanya kwa sekunde 10,800: kilomita 967 kwa sekunde. Wingu la kasi hupunguzwa mwendo na upepo wa jua linaoukuta njiani, kwa hiyo weka wastani wa safari kuwa 780 hivi. Kilomita milioni 150 gawanya kwa 780 ni sekunde 192,000, yaani saa 53. Andika dirisha, usiandike saa moja: hata mifumo mikubwa ya kompyuta hukosea kwa saa kumi hivi kwa wastani.

Ukubwa wa mwako haukuambii kama kuna wingu. Oktoba 2014 kundi kubwa la 12192 lilitoa miako sita ya X, lakini mawingu karibu hayakuwepo. Angalia LASCO kila mara kabla ya kuandika neno dhoruba.

Matundu ya korona ni mabaka meusi kwenye picha ya SDO ya urefu wa wimbi wa angstromu 193. Humo upepo wa jua hutoka kwa kasi. Tundu likifika katikati ya jua leo, na upepo wake ukiwa na kilomita 600 kwa sekunde, utafika baada ya saa 69, siku tatu hivi. Tundu la karibu na ikweta ya jua lipe uzito. La kwenye ncha kabisa hutupita. Kwa kuwa matundu hudumu kwa miezi na jua hutuonyesha uso uleule kila siku 27, fungua daftari siku 27 nyuma. Kp ya siku ile ni mwanzo mzuri wa Kp ya kesho.

Hatua ya 5: Soma upepo wa jua unaowasili

Vyombo vya angani kama DSCOVR na ACE vimekaa kilomita milioni 1.5 mbele yetu kuelekea juani. Upepo wa kilomita 400 kwa sekunde huchukua saa moja kutoka hapo hadi duniani. Wa 800, nusu saa. Hilo ndilo onyo la mwisho na la uhakika kuliko yote.

Soma mistari minne: kasi, msongamano, nguvu yote ya sumaku Bt, na Bz, sehemu yake ya kaskazini-kusini. Bz ndiyo inayoamua. Ikiwa chanya, sumaku ya upepo inaelekea kaskazini na ngao ya dunia inafunga; ikiwa hasi, inaelekea kusini na ngao inafunguka. Bz ya −5 nanotesla kwa saa mbili huleta dhoruba ya wastani. Ya −10 au chini zaidi kwa saa tatu huleta dhoruba kubwa. Kuchovya kwenye −15 kwa dakika kumi kisha kurudi juu hakufanyi kitu cha maana. Grafu ichaguliwe ya mfumo wa GSM, unaofuata mwelekeo wa sumaku ya dunia, usiwe GSE, la sivyo Bz unayosoma siyo inayokutana na sumaku ya dunia.

Vyanzo viwili vina sura tofauti. Wingu hugonga: kasi, msongamano na Bt huruka pamoja ndani ya dakika chache, kisha Bz hugeuka polepole kwa saa nyingi. Upepo wa tundu huanza na msongamano kupanda, Bt inafuata, halafu kasi inakwea kwa saa kadhaa huku msongamano ukianguka na Bz ikitikisika juu na chini. Kukiwa na dhoruba ya protoni, usiamini kila namba: protoni huchafua vipimo vya upepo na kujaza picha za LASCO vidoa kama theluji.

Mei 2024 inaonyesha yote haya kwa mpigo. Kuanzia Mei 8 kundi la 13664 lilirusha mawingu mfululizo kuelekea kwetu, ya nyuma yakiwa na kasi kuliko ya mbele, hivyo yakakutana njiani na kusukumana. Mwako wa X2.2 wa Mei 9, UTC 09:13, ulikuwa saa sita na dakika 13 mchana Dar es Salaam na Nairobi. Redio za masafa mafupi zilizibwa saa hiyohiyo. Mawingu yaligonga Mei 10 karibu na UTC 17:05, saa mbili na dakika tano usiku. Bz ilishuka hadi karibu −50 na Kp ikafika 9, dhoruba ya kwanza ya G5, daraja la juu kabisa, tangu Oktoba 2003. Mtu aliyesoma eksirei tu angedhani madhara ya mwako huo yaliisha mchana wa Mei 9.

Hatua ya 6: Andika Kp nane

Kp hutolewa kwa vipindi vya saa tatu, nane kwa siku, kutoka 0 hadi 9. Takwimu rasmi hutoka GFZ, Potsdam, Ujerumani. Za NOAA ni makadirio ya haraka. Kp 5 ni G1, na kuendelea hadi Kp 9 kamili, G5.

Anza na Kp 2 kila kipindi, kisha weka athari za hatua ya 4 na 5 kwenye vipindi vyake. Mfano, ukitarajia wingu UTC 12:00: 2 2 2 2 6 5 3 2. Kupata Ap, wastani wa msukosuko wa siku nzima, badilisha kila Kp kwanza: 0 ni 0, 1 ni 4, 2 ni 7, 3 ni 15, 4 ni 27, 5 ni 48, 6 ni 80, 7 ni 132, 8 ni 207, 9 ni 400. Jumla ni 178. Gawanya kwa nane, Ap ni 22. Ukitafuta wastani wa Kp kwanza utapata 3, sawa na 15, na dhoruba yako imeyeyuka kwenye karatasi. Kp haiongezeki kwa hatua sawa. Ndiyo maana hailingani na wastani wa kawaida.

Hatua ya 7: Tafsiri kwa mazingira yetu

Redio ya masafa mafupi. Mwako hudhuru upande wa mchana tu, na zaidi pale jua lilipo utosini. Kwetu dirisha la hatari ni saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Jua likiwa utosini, M1 hunyonya mawimbi hadi karibu megahezi 15, na X1 hadi karibu 25, masafa ya chini yakiumia zaidi. Dawa ni kupanda masafa, au kusubiri dakika chache hadi saa moja na zaidi kidogo. Usiku mwako haukugusi. Waendeshaji wengi hushuka masafa wakidhani betri au antena ina tatizo, na hivyo huongeza hasara.

GPS. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa, na ukanda wa kusini ambako ioni, chembe zenye chaji za anga la juu, hujikusanya kwa wingi huangukia Tanzania. Baada ya jua kuzama mapovu hujitokeza kwenye tabaka hilo la ioni, na ishara za setilaiti humetameta kama nyota. Kipokezi cha mpima kinatoka "fix" (usahihi kamili) kinarudi "float" (makadirio), au kinapoteza setilaiti kadhaa kwa pamoja. Muda mbaya ni saa moja hadi saa sita usiku, na kilele ni Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, F10.7 ikiwa juu, tuseme zaidi ya 150. Kipimo chake ni S4: chini ya 0.3 hakuna shida, juu ya 0.6 funga kazi.

Hapa Kp hudanganya. Usiku wa Kp 1 mwezi Machi unaweza kuharibu upimaji kabisa, ilhali jioni inayofuata dhoruba kubwa mara nyingi hutulia, kwa sababu pepo za juu zilizochafuliwa na dhoruba huzuia mapovu yasiinuke. Dhoruba inayoanza jua linapozama ndiyo huyachochea. Kwa hiyo kwa mpima ardhi, tarehe, F10.7 na saa ya Kiswahili ni muhimu kuliko herufi G. Kituo cha Hermanus cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, ndicho cha karibu zaidi chenye taarifa zinazoangalia bara letu. Kisome baada ya kuandika yako.

Simu za mkononi na umeme wa nyumbani usivitaje. Katika latitudo zetu, kuwatisha watu navyo ni kuharibu imani yao kwa taarifa zako.

Hatua ya 8: Toa taarifa, kisha jipime

Taarifa iwe fupi, na kila namba iwe na sababu yake:

"Siku ya UTC ya kesho. Miako: M asilimia 50, X asilimia 10. Protoni asilimia 5. Kp 2 2 2 2 6 5 3 2, Ap 22. Sababu: wingu lililoondoka juzi, kuwasili UTC 12:00, kukosea saa 10 mbele au nyuma. Redio: kati ya saa nne na saa tisa mchana uwe na masafa mbadala ya juu. GPS: kazi za usahihi zimalizike kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni."

Kesho yake jaza kilichotokea. Kwa asilimia, chukua tofauti kati ya ulichosema na kilichotokea, uizidishe kwa yenyewe. Ulisema 0.5 na mwako ukatokea: 0.25. Ulisema 0.1 na haukutokea: 0.01. Ulisema 0.1 na ukatokea: 0.81. Wastani mdogo ndio mzuri. Kwa Ap, andika tofauti bila alama.

Pembeni weka safu ya mtabiri mvivu anayesema kila siku "kesho itakuwa kama leo". Baada ya siku 27 linganisha. Akikushinda kwenye Ap, pitia kwanza siku za matundu ya korona: kwa kawaida kosa liko kwenye siku ya kuwasili, umeiweka mapema kwa sababu ulihesabu kutoka ukingo wa mbele wa tundu, au umeichelewesha kwa kukadiria kasi ndogo. Soma kasi halisi uliyokuja nayo upepo wa tundu lilelile mzunguko uliopita, iandike kando ya jina lake, na mzunguko ujao tumia hiyo.